Kisu cha Jua Kali: Kutoka Mchanga Mweusi hadi Springi ya Gari

Kabla ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, visu na simi za eneo hili zilifuliwa na wahunzi wa ukoo: aturi kwa Wakikuyu, Ilkunono kwa Wamaasai. Aturi walichekecha mchanga mweusi wa mitoni, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto. Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa, kwani laana yake ilihesabiwa nzito kuliko za wengine.

Chuma cha kigeni kiliua kuyeyusha, hakikuua kufua. Kibera, iliyoanzishwa na askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na Kawangware, upande wa Dagoretti, zilijaa mafundi wa kila aina, wengi wakifanya kazi nje bila paa. Ndiyo asili ya jina jua kali.

Malighafi ya kisu ni springi ya gari, yenye kaboni ya kama asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kushika makali. Hupashwa mpaka iwe nyekundu, ikagongwa juu ya kipande cha reli, kisha ikazimwa ndani ya oili. Hapo ni ngumu lakini hukatika kama kigae, kwa hiyo husuguliwa ing'ae na kupashwa tena polepole. Rangi ndiyo kipimajoto: njano hafifu karibu nyuzi 220, kisha hudhurungi, zambarau, na buluu karibu 300. Fundi makini huzuia makali kwenye njano. Yakifika buluu yamelegea mno kwa kisu cha jikoni. Buluu, ambayo ni utando mwembamba tu wa oksidi, huachiwa pete na vipande vya pambo.

Chuma cha mawimbi, kinachouzwa ghali Ulaya na Marekani, huundwa kwa kuunganisha aina mbili za chuma motoni na kukikunja mara nyingi. Mwenye springi moja pambo lake hulihamishia kwenye mpini, na hapa Kibera haina haya. Mifupa na pembe za ng'ombe, mabaki ya machinjio na vibanda vya nyama choma, huchemshwa kutoa mafuta, hukatwa, hupigwa msasa. Mfupa huchorwa kwa nta na kutiwa rangi nyeusi. Nta ikitolewa, michoro hubaki myeupe. Kufuli na mifereji mibovu huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu za mchanga, ikatoka shaba njano ya pete za mpini. Mikono hiyohiyo hutengeneza vijiko vya saladi, bangili na hereni, na ukweli ni kwamba hereni hulipa kuliko kisu.

Kazi yote hutegemea vyuma chakavu. Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa, serikali ilisimamisha biashara hiyo nchi nzima. Ilifunguliwa tena Mei mwaka huo.