Kiko cha Jiwe Jeupe: Historia ya Neno, Jiwe na Mkono

Kila mwaka, ninapofundisha ngeli ya KI-VI hapa Arua, huandika ubaoni maneno matatu: kiti – viti, kisu – visu, kiko – viko. Mawili ya kwanza hayamsumbui mtu. La tatu hulinyamazisha darasa. Mwaka huu mwanafunzi mmoja wa kutoka Koboko aliinua mkono, akasema, "Mwalimu, bibi yangu alikuwa nacho. Cha udongo." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa bibi yangu pia alikuwa nacho, na hadi leo nikisikia harufu ya tumbaku kavu humkumbuka akiwa amekaa chini ya mwembe jioni, ameinamisha kichwa, hasemi neno.

Nilimwahidi mwanafunzi yule kwamba nitaandika juu ya kiko. Ahadi ni deni, nami leo nalilipa.

Tuanze na neno lenyewe. Kamusi Sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 inatuonyesha kwamba kiko cha watu wa pwani kilikuwa chombo chenye sehemu nne, na kila sehemu ilikuwa na jina lake. Juu kulikuwa na bori, kikombe kidogo cha udongo au cha jiwe kilichotiwa tumbaku na kaa la moto. Kutoka kwenye bori ulishuka mwanzi ulioitwa digali. Digali liliingia katika kibuyu au kifuu cha nazi chenye maji. Hicho ndicho kilichokuwa kiko hasa. Kutoka hapo ulitoka mrija wa kuvutia, nao uliitwa shilamu. Hata sauti ya maji yakibubujika ilikuwa na jina: malio ya kiko. Baadaye neno likapanuka, likatumika kwa kila chombo cha kuvutia tumbaku, kiwe na maji au kisiwe nayo.

Zingatieni jambo hili, wanafunzi wangu. Tumbaku si mmea wa Afrika. Asili yake ni bara la Amerika, nayo ilivushwa bahari baada ya Wazungu kufika huko mwishoni mwa karne ya 15. Lakini ilipofika kwetu haikubaki mgeni. Watu waliipa vyombo vyao, na vyombo wakavipa majina yao. Lugha yenye jina la kila kiungo cha chombo ni ushahidi kwamba palikuwa na mikono iliyokitengeneza chombo hicho.

Sasa tuliendee jiwe. Kaskazini magharibi ya Mlima Kilimanjaro, mpakani mwa Kenya na Tanzania, liko bonde la Amboseli. Zamani za kale palikuwa na ziwa kubwa kuliko maji yanayoonekana huko leo. Katika matope ya ziwa hilo yalijengeka madini laini, meupe au ya kijivujivu, ambayo wanasayansi huyaita sepiolaiti. Wajerumani huliita jiwe hilo meerschaum, maana yake povu la bahari, kwa sababu ya weupe na wepesi wake: likikauka vizuri laweza kuelea majini. Upande wa Tanzania jiwe hilo lilichimbwa Sinya, katika nchi ya Wamaasai ambayo leo ni wilaya ya Longido.

Katika miaka ya 1950 machimbo hayo yaligeuka kuwa kazi ya biashara. Mjini Arusha, kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation ilitengeneza viko vya jiwe hilo na kuviuza nchi za nje. Na jina la biashara lililopigwa chapa juu ya viko vingi lilikuwa neno letu lilelile: Kiko. Vingine vilivalishwa ngozi, na alama yao ilikuwa tembo. Viko vya mwanzo vina jina la Tanganyika, na vya baadaye vina jina la Tanzania, nchi iliyozaliwa kwa Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Hivyo historia ya dola nzima imeandikwa kwenye kitu kinachotosha kiganjani.

Jiwe hili hupendwa na wachongaji kwa tabia yake. Lilowekeapo majini huwa laini kiasi cha kukatwa kwa kisu. Mchongaji hulikagua kwanza kutafuta nyufa, kisha hulikata umbo, hutoboa bori na njia ya moshi, halafu huliacha likauke polepole. Likikauka hulisugua hadi ling'ae, kisha hulichovya katika nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Kwa kuwa lina vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, hunyonya utomvu wa tumbaku, na kadiri miaka inavyopita hugeuka kutoka weupe hadi rangi ya asali, na mwishowe hudhurungi. Ndiyo maana hadi leo wako watu ulimwenguni ambao hununua kipande cha jiwe hilo na kukichonga nyumbani kwa mapenzi tu, wikendi baada ya wikendi, bila nia ya kukiuza. Kazi hiyo humfundisha mtu subira: ukikata kwa pupa, jiwe hupasuka, na jiwe lililopasuka haliungiki.

Lakini ni nani hupata sifa ya jiwe? Hapa historia ya nchi nyingine yaweza kutusaidia. Jiwe maarufu zaidi la aina hii hutoka Eskişehir, nchini Uturuki. Katika karne ya 19 lilisafirishwa likiwa ghafi hadi Vienna, nalo likachongwa huko kuwa vichwa vya wafalme, simba na mabibi harusi. Ulaya nzima ikavisifu viko vya Vienna. Mchimbaji wa Eskişehir, aliyeshuka shimoni kwa kamba, hakutajwa. Ilichukua muda mrefu mpaka Uturuki ilipozuia jiwe ghafi kutoka nchini, na kazi ya kuchonga ikakaa karibu na shimo lenyewe. Leo anayetaka kumwona bingwa wa kuchonga jiwe hili huenda Eskişehir.

Kwetu mambo yalikwenda pande zote mbili. Arusha ilichonga, tena ikaliweka neno la Kiswahili juu ya kazi yake. Wakati huohuo sehemu ya jiwe ilivuka bahari hadi Laxey, katika Kisiwa cha Man karibu na Uingereza, ambako kiwanda kilitengeneza viko, vikiwemo vilivyouzwa kwa jina la Peterson wa Dublin. Siku hizi viko vya zamani vya Arusha hununuliwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, nao huchunguza chapa ya tembo kwa kioo cha kukuzia. Je, ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba vilikuwapo? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mikono iliyochonga viko vile ilikuwa na majina. Chapa ya tembo haiyataji.

Mtauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa West Nile, ambao hatuna jiwe hilo? Yanatuhusu kwa njia ya jani. Tangu enzi za ukoloni tumbaku imekuwa zao la biashara katika wilaya zetu. Ada yangu ya shule ililipwa kwa tumbaku. Nakumbuka banda la kukaushia, kuni zilizolala kama ukuta, na baba akikesha kuchochea moto ili majani yasiharibike. Vilima ambavyo bibi yangu alivijua vikiwa na miti, mimi nilivijua vikiwa na visiki. Siku ya kuuza, mnunuzi aliligusa jani, akataja daraja lake, na daraja ndilo lililokuwa bei. Baba hakuulizwa. Robota lilipakiwa garini, nasi hatukujua lilikokwenda wala lingeitwaje huko lifikako. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba mkulima wa Koboko na mchimbaji wa Eskişehir wa karne ya 19 ni ndugu: kila mmoja alitoa kitu, na mtu mwingine akakipa jina na thamani.

Sitaki, hata hivyo, mtu asome makala haya akadhani namhimiza kuvuta. Moshi wa kiko huleta saratani ya mdomo na ya koo kama unavyoleta maradhi mengine, na uzuri wa jiwe haupunguzi sumu ya jani. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 hapa Uganda inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 21, inakataza kuvuta mahali pa umma na ndani ya mita 50 kutoka hapo, na imepiga marufuku shisha. Naam, shisha, ambayo vijana wengi huidhani kuwa jambo la kisasa lililoletwa na majumba ya starehe, ni jamaa wa karibu wa kile kiko cha maji chenye bori, digali na shilamu. Malio yake ni yaleyale. Raia mwema huijua sheria, na pia huijua historia ya kitu kinachokatazwa.

Basi tuuache moshi, tuushike mkono. Huko Tabaka, katika nchi ya Wakisii nchini Kenya, familia huchonga jiwe laini la aina nyingine; hulifanya sahani, sanamu na mbao za kuchezea. Wengine huchimba, wengine huchonga, wengine husugua na kung'arisha, na ufundi hurithiwa nyumbani. Hakuna anayehitaji kuvuta chochote ili jiwe la Kisii lithaminiwe. Nasi Arua na Koboko tunao udongo, tunao mti, tunayo mianzi, na tunao wazee ambao bado wanajua jinsi ya kufinyanga bori bila kalibu.

Mwanafunzi wangu wa Koboko, nakupa kazi ya nyumbani, na wenzako waliocheka waifanye pia. Nenda kwa mzee mmoja wa kwenu. Msalimu kwa heshima, kaa chini, umwombe akueleze jinsi kiko cha udongo kilivyotengenezwa. Andika jina la kila sehemu kwa lugha ya mama, kisha kwa Kiswahili. Mwishoni mwa karatasi, andika jina la aliyekifinyanga. Ikiwa mzee amelisahau, andika angalau jina la mzee mwenyewe.