Historia Iliyomo Katika Chungu cha Mboga

Huenda jana usiku, msomaji, ulikula ugali kwa sukuma wiki, wala hukuona ajabu. Ndiyo mboga ya mtu ambaye mshahara umekwisha na juma bado halijaisha, na jina lake latokana na hali hiyo. Mpishi huikata nyembamba kama nyuzi, hukaanga kitunguu na nyanya, hutia mboga na chumvi, na kabla ya robo saa kupita chakula ki tayari. Wengi hudhani kwamba mababu zetu walikula hivyo hivyo. La, hasha.

Mahindi yalitoka Amerika, yakaletwa pwani na Wareno baada ya merikebu za Vasco da Gama kufika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Nyanya nazo asili yake ni Amerika. Sukuma wiki yenyewe ni ndugu wa kabichi, nayo ilienea huku bara katika zama za ukoloni.

Kabla ya hapo ugali ulikuwa wa wimbi au mtama, na mboga zilichumwa karibu na nyumba: mchicha, kunde, mrenda, mgagani na mnavu. Huo mnavu Wakikuyu huuita managu, Wajaluo osuga, na Wakisii rinagu. Wala usidhani kwamba upishi wake ulikuwa wa kubahatisha. Mgagani ni mchungu. Basi akina nyanya zetu waliuchemsha, wakautia maziwa, wakaulaza chunguni hata ukali wake ukapungua. Hiyo ilikuwa elimu, ingawa haikuandikwa kitabuni.

Katika zama za ukoloni kabichi na jamaa zake zilipewa heshima, na mboga hizi zikaitwa magugu na chakula cha maskini. Aliyekwenda shule akaona haya kumwandalia mgeni mnavu. Nami nachekeshwa na jambo moja: nyanya ilipofika Ulaya katika karne ya 16, watu wengi waliiogopa wakidhani ni sumu, kwa kuwa ni ya ukoo mmoja na mnavu. Hofu ya Wazungu ikaisha zamani. Dharau yetu ikadumu.

Aliyeipinga dharau hiyo kwa ushahidi ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyezaliwa magharibi ya Kenya. Utotoni mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, ikambidi ategemee mboga. Tangu miaka ya 1990 amezichunguza mbegu zake na lishe yake. Mchicha, kwa mfano, huishinda kabichi kwa madini ya chuma, kwa chokaa na kwa vitamini A, nao huwa tayari kuchumwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa. Siku hizi managu huuzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi.

Lakini mbegu bila mapishi haitoshi, na wajuzi wa mapishi walikuwa wakizeeka. Kwa hiyo tangu mwaka 2007 ilifanywa kazi ya kuyaandika maarifa hayo, kwanza miongoni mwa Waisukha na Wapokoti. Mwaka 2021 UNESCO iliitia kazi hiyo katika orodha yake ya mifano mema ya kuhifadhi urithi. Na miongoni mwa waliokwenda kuwauliza wazee, wakayaandika majina ya mboga na namna ya kuzipika, walikuwamo watoto wa shule za msingi, wadogo kuliko wewe.