Mita janja kwenye biashara yako: Kagua haya kabla fundi hajaondoka

Dar es Salaam. Fundi wa Tanesco akija kung'oa mita ya zamani kwenye duka, saluni, hoteli au mashine ya kusaga na kufunga mita janja, kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Lakini mambo yanayoweza kukugharimu kwa miezi mingi baadaye huamuliwa siku hiyohiyo: usomaji wa mwisho, kundi la bei uliloingizwa, na jinsi waya zilivyorudishwa.

Haya ndiyo ya kujua na kukagua.

Mita janja ni nini?

Ni mita ya kielektroniki yenye mawasiliano ya pande mbili. Inatuma taarifa za matumizi kwa mtandao wa simu au kupitia nyaya za umeme zenyewe, na inaweza kupokea maelekezo kutoka ofisini, yakiwemo ya kuingiza umeme, kukata au kurudisha.

Kwa mteja wa Luku, faida iliyo wazi ni kupunguza kazi ya kubonyeza tarakimu 20 kila akinunua umeme. Utakumbuka Novemba 2024, mita za tokeni zilipotakiwa kuboreshwa na watu wakalazimika kuingiza mafungu matatu ya tarakimu 20. Mita janja inaweza kupokea maboresho ya namna hiyo bila wewe kuigusa.

Kwa mteja mkubwa anayelipa bili mwisho wa mwezi, msoma mita halazimiki tena kuja getini. Maana yake bili ya kukadiria haina sababu ya kuwepo.

Je, inakula umeme zaidi?

Mita haiongezi matumizi, inapima tu. Lakini bili inaweza kupanda kweli, kwa sababu mita za zamani za kisahani kinachozunguka huchoka na kuanza kwenda taratibu. Kama mita yako ilikuwa inasoma pungufu, mpya itaonyesha kile ulichokuwa unatumia siku zote.

Kuna pia sababu ambazo ni makosa ya ufungaji. Hizo ndizo za kuzikamata mapema.

Kabla ya kubadilisha

- Omba kitambulisho cha fundi na hati ya kazi. Ukiwa na shaka, piga huduma kwa wateja ya Tanesco namba 180. Usimruhusu kishoka aguse mita. Mita janja inarekodi siku na saa kifuniko kilipofunguliwa, na atakayeulizwa ni wewe.
- Usitoe hela mkononi. Malipo halali yanapitia kumbukumbu namba ya serikali.
- Piga picha ya mita ya zamani ikionyesha namba ya mita, usomaji wa mwisho na lakiri zake. Kama ni Luku, piga na picha ya uniti zilizobaki.
- Uliza uniti zilizobaki zitahamishwaje, na kama kuna deni lolote kwenye mita hiyo. Majibu yaandikwe kwenye fomu.
- Zima mashine zote, majokofu na kompyuta, kisha zima swichi kubwa.

Kama umepanga fremu na mita ni ya mwenye nyumba, mwambie awepo au akupe ruhusa kwa maandishi. Mkiwa wapangaji kadhaa kwenye mita moja, andikeni usomaji wa mwisho kwa pamoja, maana hapo ndipo hesabu za kugawana zinapoanzia upya.

Umeme ukirudi, usiwashe vyote kwa mpigo

Kwa umeme wa njia tatu, hatari ya kwanza ni mota kuzunguka kinyume. Waya mbili zikibadilishana nafasi, pampu haitavuta maji vizuri na mashine ya kusaga inaweza kuharibika. Washa mota kwa sekunde chache ikiwa haina mzigo, angalia inazunguka upande gani, ndipo uendelee.

Hatari ya pili ni waya wa nyutro usiokazwa vizuri. Ukilegea au kuachia, vifaa vya kawaida kama friji, televisheni na taa vinaweza kupata umeme mwingi kupita kiasi na kuungua. Mwombe fundi apime volti mbele yako: kati ya kila njia na nyutro isomeke karibu na 230, na kati ya njia na njia karibu na 400.

Kwa mita ndogo, fanya jaribio hili rahisi. Zima kila kitu, taa ndogo ya mita inatakiwa iache kumweka. Kisha washa kifaa kimoja unachokijua. Hita ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa mfululizo inakula uniti moja hivi.

Wateja wakubwa: ulizia CT

Umeme ukiwa mwingi sana, haupiti wote ndani ya mita. Unapimwa kupitia vifaa vya duara vinavyovishwa kwenye nyaya nene, mafundi wanaviita CT. Mita inasoma sehemu ndogo, halafu hesabu inazidishwa.

CT ya 200/5 inazidisha mara 40. Ya 300/5 inazidisha mara 60. Iliyopo ukutani ikiwa ni 200/5 lakini kwenye mfumo ikaingizwa 300/5, bili yako inapanda kwa asilimia 50 bila wewe kuwasha hata balbu moja ya ziada.

Kosa linaweza pia kwenda upande mwingine. CT moja kati ya tatu ikigeuzwa, na mzigo ukiwa sawa kwenye njia zote, mita inasoma theluthi moja tu ya matumizi. Usifurahie. Ikigundulika, unaweza kudaiwa tofauti ya miezi yote iliyopita.

Kwa hiyo soma namba zilizoandikwa kwenye CT, zipige picha, na hakikisha ndizo zilizo kwenye fomu.

Kundi la bei: hapa ndipo pesa ilipo

Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, biashara ndogo ziko kundi la T1, Sh292 kwa uniti bila kodi na tozo. Anayetumia wastani wa zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi kwenye umeme wa volti 400 anaingia T2. Huko uniti ni Sh195, huduma ni Sh14,233 kwa mwezi, na kuna Sh15,004 kwa kila kVA.

Hiyo kVA ndiyo inayowashangaza wengi. Ni kilele cha mzigo wako, yaani kipindi kimoja ndani ya mwezi ulichovuta umeme mwingi kuliko vyote. Mita hupiga wastani wa kipindi kifupi, kwa kawaida dakika 15 au 30, na kilele kimoja kinatosha kukutoza mwezi mzima.

Chukua biashara inayotumia uniti 8,000 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo:

- Ikiwa T1: Sh2,336,000
- Ikiwa T2, kilele kVA 40: Sh2,174,393
- Ikiwa T2, kilele kVA 60: Sh2,474,473

Uniti ni zilezile. Tofauti ya Sh300,080 kati ya mistari miwili ya mwisho imetokana na kuwasha mashine nyingi kwa wakati mmoja.

Wengi wanadhani kinachopandisha kVA ni ule mshtuko wa mota kuwaka. Mshtuko huo ni wa sekunde chache, kwenye wastani wa nusu saa hauna uzito mkubwa. Kinachouma ni mashine kufanya kazi *pamoja* kwa muda. Kama kukoboa na kusaga vinaweza kupishana, vipishane.

Njia nyingine ni kurekebisha ufanisi wa mota kwa kapasita. Mzigo wa kilowati 30 wenye kipimo cha ufanisi cha 0.75 unasomeka kVA 40. Ukipandishwa hadi 0.95 unasomeka kama kVA 31.6. Hapo umeokoa zaidi ya Sh126,000 kwa mwezi. Kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni.

Ukiwa na mita janja, omba Tanesco wakupe taarifa ya matumizi yako kwa saa. Humo utaona kilele kilitokea siku gani na saa ngapi.

Miezi mitatu ya kwanza

Linganisha uniti, usilinganishe shilingi. Andika usomaji kila Jumatatu asubuhi kwenye daftari, pamoja na lolote lililobadilika: friji mpya, oda kubwa, siku mlizofunga.

Matumizi yakiruka bila sababu, andika barua ofisi ya Tanesco ya eneo lako ukiambatanisha picha na fomu ya siku ya kubadilisha, na uombe mita ipimwe. Bakiza nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wakala wa Vipimo nao wana jukumu la kuhakiki mita.

Usiporidhika na majibu, peleka lalamiko EWURA. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, linaweza kukusaidia kuliandaa.

Usivunje lakiri ili ujikagulie mwenyewe. Mita si mali yako, na kuichezea ni kosa chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Ukiivunja, hata kama ulikuwa na haki kwenye bili, kesi inageuka kuwa yako.