Asili ya Lugha ya HTML

Msomaji, huenda umekwisha ona ukurasa wa intaneti katika simu pale sokoni Shianda, ukadhani umepigwa chapa kama kitabu. Sivyo. Nyuma yake mna maneno ya kawaida yaliyotiwa alama, mfano wa zile ambazo wahariri wa zamani walizitia katika miswada ili mpiga chapa ajue kichwa na aya.

Lugha hiyo ya alama, HTML, ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee katika maabara ya CERN, karibu na Geneva. Mwaka 1991 alama zake zilikuwa 18 tu. Nyingi huja mbili mbili, ya kufungua na ya kufunga. Ukiandika <h1>Shianda</h1>, jina hutokea kwa maandishi makubwa, manene. Ukisahau kufunga, yafuatayo nayo hugeuka kichwa! Iliyo bora, kwa maoni yangu, ni alama fupi ya a, iunganishayo ukurasa na mwingine, uwe umeandikwa Mumias au Marekani.

Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliutoa uvumbuzi wa wavuti kwa watu wote bila malipo. Kwa hiyo kijana wa Shianda aweza kuandika ukurasa wake kwa Kiswahili au Kiluhya pasipo kuomba ruhusa ya mtu, ijapokuwa majina ya alama zenyewe yangali ya Kiingereza.