C imejaa, D iko tupu? Ongeza nafasi bila kufomati lapi

Manze, unajua ile feeling: projekti ya chuo inadaiwa kesho, alafu lapi inaanza kukuonyesha laini nyekundu, C imejaa. Ukicheki D, iko na giga 300 zimekaa tu kama shamba la mtu wa majuu. Ukienda kwa fundi anakushow lazima afomati. Ukikubali bila bakapu, picha zako zote zinaenda na maji.

Ukweli ni kwamba si lazima. Windows iko na tool ya hiyo kazi tangu enzi za Vista, na hulipi ndururu.

Kwanza elewa ploti

C na D mara nyingi ni diski moja iliyokatwa vipande viwili, kama ploti iliyogawiwa ndugu wawili. Kila kipande ni patisheni. C inaweza kupanuka tu kama nafasi tupu imepakana nayo upande wa kulia. Kama D ni diski tofauti kabisa, huwezi kuihamishia C giga zake.

Usiguse kitu kabla ya haya

- Weka bakapu ya faili za maana kwa diski ya nje ama mtandaoni. Hapa hakuna kubahatisha.
- Chomeka chaja na uhakikishe betri imejaa. Stima ikipotea katikati, utalia.
- Kama BitLocker imewashwa, hifadhi ile recovery key mahali pengine, si kwa hiyo lapi.

Hatua zenyewe

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua "Disk Management".
2. Hakikisha C na D ziko kwa mstari mmoja, mfano "Disk 0", na D imefuata C moja kwa moja.
3. Hamisha kila kitu cha D kwa diski ya nje. Fungua ucheki faili zimefika. Kama kuna programu ziliinstolewa D, zitoe kwanza.
4. Raiti-kliki D, chagua "Delete Volume". Hii inafuta D yote, so rudia namba 3 kama una shaka. Pale palipokuwa D panafaa kuandikwa "Unallocated".
5. Raiti-kliki C, chagua "Extend Volume". Inahesabu kwa MB: giga 1 ni 1024, so giga 100 andika 102400.
6. Nafasi iliyobaki, raiti-kliki, chagua "New Simple Volume". D imerudi, ikiwa imekonda. Rudisha faili zako.

Mbona nisipunguze D tu?

Hapa ndipo wasee wengi hukwama. "Shrink Volume" hutoa nafasi mwisho wa D, so D inabaki katikati kama ukuta. "Extend Volume" ya C inakataa kubonyezwa. Ni vile vile kama kuna patisheni ya Recovery katikati. Hiyo usiifute ovyo, ndiyo hukuokoa Windows ikigoma kuwaka.

Dawa ni GParted, programu ya bure unayoiwasha kutoka kwa flash. Yenyewe inaweza kusukuma patisheni kando. Kama kuna BitLocker, izime kwanza na ungoje diski ifunguliwe yote. Kisha fungua Command Prompt kama admin, andika powercfg /h off, alafu zima mashine kabisa. Kusukuma data kunaweza kuchukua masaa, na ukikatiza njiani unaweza kupoteza kila kitu. Ianze usiku, ulale.

Na kama shida ni kinyume?

C ni kubwa na unataka kukata D? Raiti-kliki C, "Shrink Volume". Ikikupea kidogo kuliko nafasi iliyo tupu, kuna faili za Windows zisizosogezeka zimekaa katikati. Ile powercfg /h off huondoa moja yao. Jaribu tena.

Fundi akikuambia lazima afomati, muulize kwanza C imepakana na nini.