Ushonaji upya wa siti za MGB

Ushonaji upya wa siti za MGB ni kazi ya kuvua makava yaliyochakaa kwenye siti za gari la michezo la Uingereza aina ya MGB, kutengeneza fremu na sponji zilizo chini yake, kisha kuvisha makava mapya kwa mtindo wa awali. Gari hilo liliundwa mjini Abingdon kuanzia mwaka 1962 hadi 1980. Yalitoka zaidi ya 500,000, hivyo ni miongoni mwa magari ya zamani ambayo wamiliki wake hujaribu sana kuyakarabati wenyewe.

Aina za siti

Siti za miaka ya kwanza zilikuwa na ngozi halisi sehemu zinazoguswa na mwili, na ngozi bandia pembeni na nyuma. Baadaye kiwanda kilihamia ngozi bandia, na mwishoni kitambaa. Kuanzia 1969 sheria ya Marekani, lilikouzwa kwa wingi, ilidai egemeo la kichwa kwenye siti za mbele za magari mapya. Kwa hiyo migongo ya siti za MGB haifanani, na anayeagiza makava yaliyoshonwa tayari kwa kutazama picha tu anaweza kuletewa yasiyoingia.

Kabla ya kufumua

Swali la kwanza ni kama kazi yenyewe inahitajika. Ngozi iliyopauka au yenye nyufa ndogo inaweza kusafishwa, kulainishwa na kupakwa rangi. Ngozi ya kiwandani ikishatupwa hairudi, na wapenzi wengi wa magari ya zamani huithamini hata ikiwa na makunyanzi. Ile iliyokauka hadi kukatika kando ya mishono haina dawa.

Kava la zamani lisitupwe, maana ndilo kielelezo cha kukatia jipya. Kila kipande huandikwa namba na kuwekewa mshale unaoonyesha mbele, ndipo mishono hufumuliwa kwa wembe. Ni busara kufumua siti moja na kuiacha ya pili nzima mpaka ya kwanza ikamilike. Vipande vya zamani huwa vimevutika, kwa hiyo cha kushoto hulinganishwa na cha kulia kabla ya kuchora.

Fremu na sponji

Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka ya kuona ngozi mpya. Siti iliyobonyea haiponywi na kava. Chini ya sponji ya kukalia kuna mikanda ya mpira au kipande kizima cha mpira, kutegemea mwaka wa gari, kilichoshikwa kwenye fremu kwa kulabu. Mpira ukizeeka hupasuka na mtu huzama. Sponji nayo husagika kuwa unga. Fremu ya chuma husuguliwa kutu na kuchomelewa penye ufa, kwa sababu ndiyo inayomshika dereva gari likigongwa.

Kukata na kushona

Ngozi haina ubora mmoja kote. Sehemu ya mgongo wa ng'ombe ni imara, ya tumbo huvutika. Vipande vya kukalia hukatwa mgongoni. Tundu la sindano kwenye ngozi halizibiki, kwa hiyo hakuna kufumua na kurudia. Mishono ikikaribiana mno, ngozi hukatika kwenye mstari kama stempu ya posta. Urefu wa milimita 4 hivi hufaa. Uzi uwe wa nailoni au poliesta, kwani wa pamba huoza.

Kuvisha

Kava la mgongo huvutwa kama soksi. Plastiki nyembamba juu ya sponji hulisaidia kuteleza. Ngozi bandia hupashwa joto ili ilainike. Fundi wa siti za daladala huianika juani, na njia hiyo inafaa hapa pia. Kazi huanzia katikati kuelekea pembeni, na mistari ya mgongo ilingane na ya kalio kabla ya vibanio kukazwa.

Kabla ya kurudisha siti garini, vipande vya mbao vilivyo chini ya reli zake vikaguliwe. Hunyonya maji yanayovuja kwenye turubai la paa na kuoza bila kuonekana, na siti nzuri iliyofungwa juu ya mbao mbovu hucheza.