Keya na Magunia Kutoka Angani

Vijana wanaocheza michezo ya kompyuta kwangu Kawangware, pale 46, wakipewa daraja la Arnhem hufyatua risasi utadhani zinauzwa kwa debe. Mchezo ni Close Combat: A Bridge Too Far, wa 1997, mkongwe kiasi kwamba hata mashine zangu zinauweza. Kila askari ana hesabu yake ya risasi. Zikiisha, au woga ukimwingia, hakusikii tena. "Buda, hawa wamenigomea!" Wana haki ya kugoma. Askari wa mwavuli hutua na alichobeba, basi.

Ndivyo ilivyokuwa Arnhem yenyewe, Uholanzi, Septemba 1944. Waingereza walishushwa mbali na daraja walilotakiwa kuliteka, wengine zaidi ya kilomita 10, na redio zikakataa. Ndege zilipoleta risasi na chakula, mizigo mingi iliangukia viwanja vilivyokwisha kutekwa na Wajerumani. Kati ya watu kama 10,000 waliotua, waliovuka mto Rhine kurudi hawakufika 2,500.

Miezi hiyohiyo watu wetu walikuwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Keya (askari wa King's African Rifles) wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilikuwa ikiwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw katikati ya masika, malaria ikiwaandama. Hao hawakuruka na mwavuli, walitembea. Lakini barabara ilikuwa tope tupu, kwa hiyo walilishwa na ndege. Risasi zilishuka kwa miavuli, mingine ya juti, kwa sababu hariri ilikuwa adimu. Mchele ulitupwa hivihivi, gunia ndani ya gunia: la ndani likipasuka, la nje linazuia punje. Ole wake aliyesimama chini!

Mbona Kabaw mizigo ilifika? Ndege za Wajapani zilikuwa zimepungua, hilo kweli. Ila pia Keya walishika uwanja kwanza, ndipo ndege ya Dakota ikaitwa. Hiyo ndiyo mbinu ninayowafundisha hawa wangu: uwanja wa kupokelea mizigo ulindwe kama daraja lenyewe. Desemba 1944 divisheni iliingia Kalewa na kuvuka Chindwin.

Michezo ya vita inayofika hapa haina Keya hata mmoja, na naona hilo ni aibu, kwa sababu Kibera, hapa jirani, ilianza kama makazi ya askari. Wanubi wa Keya waliwekwa huko mwanzoni mwa karne iliyopita, na 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza rasmi zaidi ya ekari 4,000 kuwa ardhi yao ya kijeshi. Wana wao wakapigana tena katika vita vya pili vya dunia, hadi Burma. Hati ya ardhi jamii ya Wanubi iliipata 2017, ya ekari 288.

Wewe wa Makina, kule Kibera, kama kwenu kuna medali ya Burma sandukuni, itoe, uulize ilikuwa ya nani.